Kabla Hujasema Bodi Imekufa

Mayai yalikuwa 240 na siku yao ilikuwa ya sita. Usiku huo umeme ulikatika Busia, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya pili mashine ya Hajati ya kuangulia vifaranga haikuonyesha namba yoyote. Asubuhi fundi wa kwanza aliifungua, akaikodolea macho bodi yake ya saketi dakika mbili, akalitoa lile neno tunalolitoa upesi mno sisi mafundi wa mpakani: "Hii imekufa."

Hajati akanijia kibandani, bodi ameifunga kwenye leso, waya wa kihisi joto unaning'inia nje. Nyumbani alikuwa amemwacha binti yake kando ya mashine na kipimajoto: joto likishuka chini ya nyuzi 37 anawasha balbu, likifika 38 anazima. Mayai ya kuku hutaka nyuzi 37.5 kwa siku 21, na katika siku 18 za kwanza lazima yageuzwe mara kadhaa kwa siku, la sivyo kiinitete hugandamana na utando wa ganda. Hayo yote binti alikuwa akiyafanya kwa mkono.

"Mwanangu," Hajati akasema, "usiku mmoja ataweza. Wa pili ataweza pia. Wa tatu usingizi utamshinda."

Kwenye droo nilikuwa na Arduino Pro Mini, bodi ndogo unayoiandikia programu, kihisi joto cha DS18B20 na rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme. Nikaona ni upesi zaidi kuunda kidhibiti kipya kuliko kuanza kuiuliza bodi ya zamani imeumia wapi, kwa hiyo ile ya zamani nikaiweka juu ya rafu. Programu niliiandika kwa saa mbili. Kuiingiza ndani ya chipu kulinichukua siku nzima na nusu. Hiyo siku na nusu ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu ndani yake nilikaribia mara tatu kusema "imekufa", na mara zote tatu ningekuwa nimesema uongo.

Pro Mini ni bodi yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 33. Ndani yake mna mikrokontrola ya ATmega328P, chipu inayoendesha programu, ileile iliyo kwenye bodi nyingine iitwayo Arduino Uno, lakini haina tundu la USB. Uno ina chipu ya pili ambayo kazi yake ni ukalimani kati ya kompyuta na mikrokontrola. Kwenye Pro Mini mkalimani huyo ameondolewa ili bodi iwe ndogo, iwe na bei nafuu na isile umeme bure. Ukitaka kuizungumzisha unamleta mkalimani kutoka nje: adapta ya USB kwenda siriali, yaani njia inayopitisha biti moja baada ya nyingine. Chipu za adapta hizi ni za koo chache tu. Kuna FT232 ya FTDI ya Uskoti, CP2102 ya Silicon Labs ya Texas, na CH340 ya WCH ya Nanjing, Uchina. Yangu ni CH340. Ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na mimi binafsi imenitumikia vizuri.

Lazima nieleze kidogo mkalimani huyu anatafsiri nini, maana bila hilo mengine yote yatabaki kuwa uchawi. USB huongea kwa vifurushi, na kompyuta ndiyo inayoamua nani aseme na lini. Mikrokontrola haijui mambo hayo. Yenyewe ina waya mmoja wa kusema na mmoja wa kusikia. Waya ukiwa kimya hukaa juu, kwenye volti 5 au 3.3. Mwenye neno huushusha kwa urefu wa biti moja, kama anayebisha hodi, kisha biti nane zinafuatana, kisha waya unarudi juu. Kwa kasi ya baudi 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, kila biti inachukua maikrosekunde 104. Hakuna waya mwingine unaowapigia ngoma hawa wawili ili waende pamoja. Kila upande unahesabu kwa saa yake. Ndiyo maana ni lazima wakubaliane kasi kabla ya neno la kwanza kusemwa.

Jirani yangu wa kibanda ni mzee aliyestaafu jeshini. Alikuwa mtu wa mawasiliano ya redio, na sasa anatengeneza redio za watu. Kiswahili alikijifunza hukohuko jeshini, na hadi leo hesabu za volti anazifanya kwa Kiswahili, si kwa Kisamia cha nyumbani kwao. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliporidhia Kiswahili kitumike kama lugha rasmi, mzee alishangaa kwamba jambo hilo lilikuwa limechelewa hivyo. Siku ya mayai alivuta kigoda, akaiangalia adapta yangu, akauliza swali moja tu: "Mdomo wake uko wapi, na sikio liko wapi?"

TX ni mdomo, RX ni sikio. TX ya adapta inakwenda kwenye RX ya bodi, na RX ya adapta kwenye TX ya bodi. Kila anayeanza huunganisha TX na TX kwa sababu majina yanafanana, na matokeo yake ni watu wawili wanaosemeshana mdomo kwa mdomo huku masikio yao yameelekezana. Kwenye Pro Mini waliongeza herufi ya kusaidia: TXO ndipo maneno yanapotoka, RXI ndipo yanapoingia. Waya wa tatu ni GND, sifuri ya pamoja. Huo ndio watu huusahau wanapolisha bodi kwa chaja yake yenyewe. Bila sifuri ya pamoja "juu" ya mmoja si "juu" ya mwingine, na yanayosikika huko ni kelele tupu.

Mzee alikuwa na waya wa zamani wa kompyuta, wenye kichwa cha pini tisa, na alitaka tuutumie huo kwa sababu nao unaitwa siriali. Nilimshika mkono. Ule ni RS-232, kanuni iliyowekwa Marekani mwaka 1960, na volti zake hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, hadi 15 kila upande. Ukiuchomeka moja kwa moja kwenye mikrokontrola ya volti 5 unaiunguza. Katikati lazima ikae chipu ya kuzishusha volti, kama MAX232. Siriali hizi mbili ni za ukoo mmoja lakini hazili sahani moja.

Sasa mara ya kwanza. Nilichomeka adapta kwenye laptopu, taa yake nyekundu ikawaka, na laptopu haikusema kitu. Kwenye Linux unaandika dmesg na unatarajia mistari mipya ikieleza kifaa kipya kilichoingia. Hakukuwa na hata mmoja. Nikatoa, nikachomeka tundu la pili, la tatu. Kimya. Ulimi ulikuwa tayari kulisema lile neno, kwa sababu taa ilikuwa inawaka, na mtu akiona taa anadhani waya ni mzima.

Waya wa USB wa kawaida una nyuzi nne ndani: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya sifuri, kijani na nyeupe za data. Waya niliokuwa nao ulikuwa wa chaja ya simu, na waya nyingi za namna hiyo zimetengenezwa na nyekundu na nyeusi peke yake. Umeme unapita, taa inawaka, maneno hayana njia. Niliazima waya wa simu ya dada anayeuza chapati mkabala nami, ule anaouhamishia picha, na dmesg ikaamka papo hapo. Tangu siku hiyo waya zangu za data nimezifunga uzi wa kijani shingoni.

Mara ya pili iliniumiza zaidi. Laptopu iliiona CH340, ikaipa jina ttyUSB0, na baada ya sekunde moja ikaandika kwamba imeondoka. Nikachomeka tena: inaingia, inatoka. Ukikuta hivyo, akili inakimbilia kusema chipu ni feki au imelegea kwenye lehemu. Nilitafuta pasi ya lehemu. Kisha nikasoma mistari ya dmesg yote, si ule wa mwisho tu, nikaona jina nisilolijua: brltty.

Hiyo ni programu ya kuwasaidia wasioona kutumia kompyuta kwa vifaa vya maandishi ya nukta nundu. Kila kifaa cha USB hujitambulisha kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, na CH340 husema 1a86:7523. Kumbe kuna vifaa vya nukta nundu vinavyotumia chipu hiihii, kwa hiyo kwenye Ubuntu 22.04 brltty ikisikia namba hiyo inadhani mwenyewe amefika, inaichukua adapta, na mlango wa siriali unatoweka. Adapta nzima, laptopu nzima, ila namba moja imewachanganya. Wengi wanashauri uiondoe brltty kabisa. Mimi nasema uangalie kwanza kama nyumbani au ofisini hakuna mtu anayeitegemea. Yupo? Basi zima ule mstari mmoja wenye namba ya CH340 kwenye faili lake la kanuni, na mengine uyaache.

Namba hizi si jambo dogo. Oktoba 2014 FTDI walitoa draiva mpya, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, iliyosambazwa kupitia Windows Update, na draiva hiyo ikikutana na nakala bandia ya chipu yao iliibadilisha namba ya bidhaa kuwa sifuri. Kompyuta haikuitambua tena adapta hiyo. Duniani kote watu waliona vifaa vyao "vimekufa", ilhali ndani vilikuwa vizima na namba ingeweza kuandikwa upya. Lawama zilikuwa nyingi na draiva ikaondolewa. Nakumbuka kisa hicho kila ninapotaka kutupa kitu kwa sababu tu kompyuta imekataa kukitambua.

Baada ya brltty palikuwa na kikwazo kidogo cha ruhusa: mtumiaji wa Linux lazima aingizwe kwenye kundi la dialout, kisha atoke kwenye akaunti na kuingia upya. Dakika tano.

Mara ya tatu ndipo usiku ulipotukuta. Nilibonyeza kitufe cha kupakia programu, taa ya adapta ikapepesa, na maandishi mekundu yakajaa kwenye skrini: "not in sync", mara ya kwanza kati ya kumi, ya pili kati ya kumi, hadi kumi. Yaani kompyuta imebisha hodi mara kumi na hakuna aliyeitika. Nikageuza TX na RX. Kumi tena. Nikabadilisha waya zote ndogo. Kumi tena. Simu ya Hajati iliita: binti bado yuko macho, lakini sauti yake imebadilika.

Nikamwambia mzee, "Nadhani hii Pro Mini imeungua."

Hakunijibu moja kwa moja. Alisema kwamba walipokuwa porini, kituo cha mbali kikinyamaza, hawakuruhusiwa kusema kituo kimekufa mpaka mtu awe amethibitisha kwamba redio yake mwenyewe inatoa sauti na inasikia. "Hiyo adapta yako," akasema, "iondolee mgeni. Iache iongee peke yake."

Jaribio lenyewe ni hili. Toa bodi kabisa. Chukua kipande kimoja cha waya, unganisha TX ya adapta na RX ya adapta hiyohiyo. Fungua dirisha la siriali kwenye kompyuta, andika neno. Mdomo unasema, sikio la mwenyewe linasikia, na neno linarudi kwenye skrini. Halafu, na hapa wengi hawafiki, toa ule waya na uandike tena. Sasa neno lisirudi. Likiendelea kurudi bila waya, basi ni programu ya kompyuta inayokuonyesha unachoandika, na jaribio lako halikuthibitisha chochote.

Niliandika "Busia". Ikarudi "Busia". Nikatoa waya, nikaandika tena, kukawa kimya. Kwa sekunde 20 za kazi tulikuwa tumejua kwamba waya wa USB, draiva, ruhusa, mlango na chipu ya adapta, kwenda na kurudi, vyote ni vizima. Kilichobaki ni kati ya adapta na Pro Mini. Sijawahi kupata faida kubwa hivyo kutoka kwenye sentimita tano za waya, na nasikitika kwamba miaka yote niliyotengeneza vitu nilikuwa silifanyi.

Jaribio hili lina mpaka wake, nao ndio uliotuonyesha njia. Adapta ikijisikiliza yenyewe, anayesema na anayesikia wana saa moja. Kwa hiyo haiwezi kukuambia kama kasi uliyochagua ndiyo ya bodi. Nilirudi kwenye orodha ya bodi ndani ya programu ya kupakilia nikakuta nimeacha imeandikwa Uno, kazi ya juma lililopita. Uno hupokea programu kwa baudi 115200, Pro Mini kwa 57600. Nilikuwa nambishia hodi mtu kwa mwendo mara mbili ya ule anaoujua.

Nikarekebisha, bado ikakataa. Hapo nikahesabu waya zangu: zilikuwa nne. Adapta ilikuwa na pini sita, nikaona mbili hazina kazi. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa DTR. ATmega husikiliza programu mpya kwa muda mfupi tu baada ya kuamka. Muda huo ukipita inaendelea na kazi yake ya zamani. Kompyuta inapotaka kupakia hushusha DTR, na kwenye Pro Mini waya huo unapita kwenye kapasita ya nanofaradi 100 hadi kwenye pini ya kuamsha, ukaigutusha chipu kwa wakati barabara. Bila waya huo hodi yangu ilifika mlango ukiwa umeshafungwa. Kama adapta haina DTR unaweza kubonyeza kitufe cha kuamsha kwa kidole sekunde ileile upakiaji unapoanza, na ukishazoea utapatia. Mimi nilichomeka waya wa tano.

Programu yangu ilikuwa na baiti kama 9,000. Kwa baudi 57600 zinapita baiti 5,760 kila sekunde, kwa sababu kila baiti hubebwa na biti kumi, ya hodi na ya kufunga zikiwemo. Kuandika kukaisha kabla mzee hajamaliza kuuliza kama imekubali.

Kuna kosa moja la kimya nililoogopa kuliko yote. Pro Mini ni za aina mbili: ya volti 5 inayokwenda megahezi 16, na ya volti 3.3 inayokwenda megahezi 8. Ukichagua 16 kwa bodi ya 8, programu inapakiwa vizuri, bila kulalamika, ila kila sekunde ndani yake inakuwa mbili. Mota ya kugeuza mayai niliipangia kila baada ya saa mbili. Ingegeuza kila baada ya nne, na hakuna ambaye angejua. Kwa hiyo kabla ya kufunga boksi niliifanya taa iwake mara moja kwa sekunde, nikahesabu kwa saa ya mkononi. Mara 60 kwa dakika. Saa nane usiku tukapanda bodaboda hadi kwa Hajati, na binti alilala akiwa bado ameshika kipimajoto.

Volti zenyewe zinahitaji neno lao, maana hapo ndipo vitu hufa kweli. Adapta nyingi zina swichi au kipande kidogo cha kuchagua 5 au 3.3. ESP8266, chipu ya Wi-Fi ya Espressif ya Shanghai, ni ya volti 3.3. Ninayo moja kwenye droo niliyoilisha 5 kwa haraka zangu, na hiyo haitaamka. Pia usiitegemee pini ya 3.3 ya adapta kuilisha chipu ya Wi-Fi. FT232RL kwa mfano hutoa miliampia 50 tu kwenye pini hiyo, na Wi-Fi ikianza kurusha huvuta kwa kufumba na kufumbua zaidi ya 300. Bodi inazimika, inaamka, inazimika, na fundi anasema ni mbovu. Iletee 3.3 yenye nguvu kutoka kwingine, uunganishe sifuri tu na adapta, na pini yake iitwayo GPIO0 iwe imeshikizwa kwenye GND wakati wa kuamka ili ikubali programu. Na ukiiamsha ikatapika herufi zisizosomeka, badilisha kasi ya dirisha iwe 74880. Salamu yake ya kwanza huisema kwa kasi hiyo ya ajabu. Wengi wameisikiliza kwa 115200 wakaamua imeungua, ilhali ilikuwa inawaeleza vizuri kabisa kwa nini imeamka.

Siku ya tisa ya mayai nilikuwa na nafasi. Nikaiteremsha bodi ya zamani ya Hajati kutoka kwenye rafu, ile iliyozikwa kwa dakika mbili. Mzee alishika mita. Volti 12 zilikuwa zinaingia kwenye regyuleta ya 7805, na upande wa pili, panapotakiwa 5, palikuwa na sifuri. Niling'oa regyuleta kwa pasi ya lehemu. Tukapima kama njia ya volti 5 imegusana na sifuri mahali popote: haijagusana. Basi yote yaliyokuwa nyuma ya regyuleta, chipu na namba na kila kitu, yalikuwa hayajala umeme tangu usiku ule.

"Una volti 5 hapo kwenye kidude chako," mzee akasema, akiionyesha adapta.

Kweli nilikuwa nazo. Tundu la USB la laptopu hutoa hadi miliampia 500, na bodi ile ndogo bila rilei kuwaka haihitaji hata nusu yake. Nikaweka swichi kwenye 5, nikaleta waya mwekundu na mweusi tu, nikachomeka. Namba nyekundu zikawaka: 26.4, joto la kibanda changu saa tano asubuhi. Mzee akaweka mita chini, akakishika kihisi joto kati ya vidole viwili, na tukakaa tukitazama: 27.9, 29.5, 31.2.